Heri Nusu Shari? Mpiga Kura wa Kilimanjaro kati ya Pande Mbili tangu 1951

Utangulizi

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, sisi tunaohudumu katika sharika za Moshi na za miteremko ya Mlima Kilimanjaro huulizwa swali lilelile. Msharika hubaki nyuma baada ya ibada, husubiri wenzake watawanyike, kisha husema: "Mchungaji, mtu huyu simwamini, na yule mwingine namwamini, lakini chama chake sikitaki. Nifanyeje?" Aulizaye hivyo hatafuti kutajiwa jina la mgombea. Anataka kujua kama ni dhambi kutoa kura yake yote kwa jambo analolikubali nusu tu.

Mara nyingi tumekimbilia Warumi 13. Lakini sura ile yasema juu ya kuitii mamlaka iliyokwisha kuwapo. Haimzungumzii moja kwa moja mtu ambaye, kwa siku moja katika miaka mitano, yeye mwenyewe ni mmojawapo wa wanaoiweka mamlaka hiyo. Kwa sababu hiyo, katika makala hii tumeona vema kutafuta msaada katika historia ya mlima wetu. Tutaonyesha kwamba watu wa Kilimanjaro wamewekewa zaidi ya mara moja uchaguzi wa pande mbili, na kwamba hapakuwa na upande uliobeba yote waliyoyataka. Kila mara walikubali nusu. Tunachokusudia kusema ni hiki: kukubali nusu si dhambi, bali huacha deni. Pale wapiga kura walipolikumbuka deni hilo, lililipwa. Pale walipolisahau, hata ile nusu waliyoipata iliponyoka.

1. Mangi mmoja kwa ajili ya kuwapunguza mamangi

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliziweka nchi za mamangi wa Uchagga katika tarafa tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila moja akawekwa Mangi Mwitori. Huko Hai alikuwa Abdiel Shangali wa Machame, Vunjo alikuwa Petro Itosi Marealle, na Rombo alikuwa John Maruma. Watu wengi wa kawaida hawakuupenda mpango huo. Kahawa ilikuwa imewapa fedha, shule za misheni zilikuwa zimewapa elimu, na tangu siku za chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925 walikuwa wamezoea kukutana na kujadili mambo yao bila kungoja ruhusa ya mangi. Waliona kwamba waitori wamewekwa juu yao kwa faida ya serikali.

Mwaka 1949 palikuwapo Umoja wa Raia wa Kichagga wa Kilimanjaro, uliojulikana kwa herufi KCCU. Viongozi wake wakuu walikuwa Petro Njau na Joseph Merinyo. Huyu wa pili alikuwa amewahi kukiongoza kile chama cha wakulima. Umoja huo ulidai pawe na Mangi Mkuu mmoja atakayechaguliwa na watu wenyewe, awasemee mbele ya serikali, hasa katika habari za ardhi, maana mashamba ya walowezi yalikuwa yameubana mlima kutoka chini.

Basi mlima ukawa na pande mbili: upande wa waitori na upande wa KCCU. Lakini tuangalie KCCU ilimweka nani mbele ya watu. Hakuwa mkulima wala mwalimu wa ukoo wa kawaida. Alikuwa Thomas Marealle, kijana msomi aliyesoma Uingereza, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu. Mtu aliyetaka kupunguza nguvu za nyumba za kimangi alitakiwa amchague mtoto wa nyumba ya kimangi. Na mtu wa Machame aliyechoshwa na mwitori wake alitakiwa akubali kwamba heshima kubwa kuliko zote mlimani iende Marangu. Watu walilipima jambo hilo, wakakubali. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa, na mwaka uliofuata akasimikwa.

Kwa miaka kadhaa ile nusu ilizaa matunda. Uchagga ulikuwa na sauti moja, na mwaka 1957 Mangi Mkuu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York kuinenea nchi. Hata hivyo ile nusu nyingine, yaani haja ya kuwa na mamlaka yenye mipaka, ilibaki haijajibiwa.

2. Kura tatu katika karatasi moja

Kabla ya jambo hilo kuiva, watu wa Kilimanjaro walipewa mtihani mwingine, wakiwa pamoja na Watanganyika wote. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuwachagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyempigia kura Mwafrika peke yake kura yake iliharibika. Tena haki ya kupiga kura ilikuwa ya wachache: mtu alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya cheo fulani. Vyama viwili vilisimama mbele, TANU kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Edward Twining.

Je, TANU, iliyohubiri kwamba kila mtu ni sawa, ingeweza kuingia katika uchaguzi uliowapa jamii ndogo viti sawasawa na Waafrika mamilioni? Jambo hilo liliamuliwa Tabora mnamo Januari 1958. Julius Nyerere aliushawishi mkutano ukubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake. Hatupaswi kumcheka Mtemvu. Kwa habari ya kanuni alikuwa na hoja: kushiriki kulikuwa ni kuitumia sheria ya ubaguzi. Lakini wenzake waliona kwamba wakikaa nje, viti vyote vitakwenda kwa UTP, na sheria hiyohiyo itapata watetezi wapya.

Mlimani kwetu uamuzi huo ulikuwa na uchungu wa pekee. Malalamiko makubwa ya watu yalihusu ardhi iliyoshikwa na walowezi. Majirani zetu wa Meru walikuwa wameondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, na kilio chao kilikuwa kimefika Umoja wa Mataifa. Na sasa Mchagga aliambiwa kwamba ili kura yake kwa Mwafrika ihesabiwe, sharti ampigie kura na Mzungu. Waliopelekwa barazani na Jimbo la Kaskazini walikuwa Solomon Eliufoo, mwalimu na Mlutheri wa Kilimanjaro. Sophia Mustafa, mama wa Kiasia aliyeishi Arusha. Na Derek Bryceson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkulima mlowezi. Fikiria, ndugu msomaji, mkono wa mtu mwenye kihamba kidogo ukitia alama mbele ya jina la mkulima wa Kizungu.

Lakini katika habari hii deni lilikumbukwa. TANU haikuusifu mpango wa kura tatu baada ya kushinda kwa njia yake, wala haikuanza kusema kwamba kumbe ulikuwa mpango mzuri. Iliendelea kuutaja kuwa ni kasoro ya kuondolewa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti 50 kati ya 71 vilikuwa wazi kwa watu wote, na 21 tu ndivyo vilivyotengwa kwa Waasia na Wazungu. Na katika uchaguzi wa 1965 viti vya namna hiyo havikuwapo tena. Watu walikubali nusu wakiwa wanaitazama ile nusu nyingine, wakaipata.

3. Mangi au Rais

Turudi kwenye habari ya Mangi Mkuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wengi walianza kuona kwamba Thomas Marealle amejikusanyia madaraka kupita kiasi, na wakapinga wazo kwamba cheo chake kiwe cha maisha. Ndipo kilipotokea Chama cha Kidemokrasia cha Wachagga, kikiongozwa na yuleyule Solomon Eliufoo, na kikiwa karibu sana na TANU. Kilidai kwamba mkuu wa Wachagga awe rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Mwanzoni mwa mwaka 1960 watu waliulizwa kwa kura: Mangi Mkuu au Rais? Walio wengi walichagua Rais. Marealle akaondoka, na Eliufoo, aliyekuwa amekwisha kuwa waziri tangu 1959, akashika nafasi hiyo.

Kwa juu juu swali lile lilikuwa jepesi. Lakini kila upande ulikuwa na furushi lililofungwa, na mpiga kura hakuruhusiwa kulifungua na kuchagua kilichomo. Upande wa Mangi ulibeba cheo kisicho na mwisho, lakini pia wazo kwamba Uchagga uwe na mamlaka yake yenye nguvu, iwezayo kusema na serikali kuu. Upande wa Rais ulibeba ukomo wa madaraka, lakini pia uhusiano wa karibu mno na chama ambacho karibu kingeshika nchi nzima. Aliyetaka mamlaka ya mlima yenye nguvu na yenye mipaka kwa pamoja hakuwa na mahali pa kuweka alama. Kulikuwa pia na ushindani wa siku nyingi wa Machame na Marangu uliojificha ndani ya maneno ya kikatiba.

Walichagua, na kwa maoni yetu walichagua vema kadiri ilivyowezekana. Kosa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa la kutosema. Mwaka 1963 vyeo vya kimangi vilifutwa nchini kote kwa sheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamoja na KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa mlima huu, ambacho hakikurudi hadi miaka ya 1980. Hatusemi kwamba kura ya 1960 ndiyo iliyoyaleta hayo yote. Tunasema kwamba watu waliokwisha kuukabidhi upande mmoja imani yao yote hawakuwa na mahali pa kusimama walipoanza kunyang'anywa, kimoja baada ya kingine, vyombo walivyovijenga kwa mikono yao.

4. Jembe na nyumba

Wapo wanaodhani kwamba mfumo wa chama kimoja, ulioanza kisheria mwaka 1965, uliiondoa shida ya pande mbili. La hasha. Katika kila jimbo chama kiliweka wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walizunguka pamoja, wakahutubia mikutano ileile, nao walikatazwa kutafuta kura kwa kabila, dini au rangi. Jambo hili lilikuwa na wema wake, na baadhi ya mawaziri waliangushwa na wapiga kura wao. Lakini mpiga kura aliweza kubadili mtu tu. Mwelekeo wa nchi hakuweza kuugusa. Mkulima wa Kibosho au Mwika aliyehuzunishwa na kuvunjwa kwa KNCU hakukuta huzuni hiyo katika jembe wala katika nyumba.

5. Miaka ya mageuzi

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta kwamba karibu watu wanane kati ya kumi waliotoa maoni walipenda chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Mlima wetu uliyapokea mageuzi kwa nguvu. Mwaka 1995 Augustine Mrema wa Kiraracha, Vunjo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, aliiacha CCM akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Chadema, kilichoongozwa na Edwin Mtei, mwana wa Marangu, hakikuweka mgombea wake, kikamuunga mkono. Wengi walioyataka mageuzi walitaka katiba mpya na utawala wa sheria. Walipewa kiongozi aliyependwa hasa kwa ukali wake wa kutoa amri alipokuwa waziri. Walikubali nusu. Mrema alipata asilimia 27.8 ya kura za urais, naye Benjamin Mkapa akashinda kwa asilimia 61.8. NCCR-Mageuzi kilipata viti 16 vya majimbo kati ya 232. Kisha chama kikagawanyika, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP.

Hapa tunaona jinsi kanuni yenyewe ya kuhesabu kura inavyowasukuma watu. Mahali ambapo mwenye kura nyingi katika jimbo huchukua kiti, na wengine hawapati kitu, vyama vya tatu na vya nne hudhoofika, na watu hujikusanya pande mbili wakiogopa kupoteza kura. Mwanazuoni wa Ufaransa Maurice Duverger aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951, mwaka uleule Wachagga walipomchagua Mangi Mkuu. Kwetu kuna sharti jingine pia: katiba haimruhusu mtu agombee asipokuwa mwanachama wa chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikubaliana naye. Lakini sharti likabaki.

Mtihani uliokuwa mgumu kuliko yote ni ule wa mwaka 2015. Vyama vinne vya upinzani viliungana kwa jina la Ukawa, vikamsimamisha Edward Lowassa kwa tiketi ya Chadema. Lowassa alikuwa Mlutheri mwenzetu, na alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kufuatia taarifa ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, akiyakana makosa. Kwa miaka mingi Chadema ndicho kilichomsema kwa sauti kuu. Sasa waliokuwa wakimsikia akilaumiwa jukwaani waliombwa na jukwaa lilelile wamchague. Katibu Mkuu wa Chadema, Willibrod Slaa, alijitenga. Wengi hapa Moshi hawakujitenga. Walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Lowassa alipata karibu asilimia 40, naye John Magufuli asilimia 58. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM.

Hatuwahukumu waliompigia kura, wala waliokataa. Tunachokumbuka kwa huzuni ni jinsi lugha ilivyobadilika katika sharika zetu. Watu hawakusema, "Tunamkubali pamoja na mashaka yetu." Walianza kusema kwamba mashaka hayakuwahi kuwapo. Na waliokuwa upande wa pili nao waliyasahau makosa ya chama chao. Ndugu wa meza moja ya Bwana walikataa kusalimiana, si kwa sababu walichagua tofauti, bali kwa sababu kila mmoja alikuwa ameitakasa nusu yake ikawa nzima.

6. Tafakari

Luther, katika andiko lake la mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa namna mbili. Kura ni jambo la utawala ule wa kidunia, ambako Mungu huwalinda jirani zetu kwa vyombo vyenye kasoro. Anayengoja mgombea asiye na doa ndipo apige kura anautafuta ufalme wa mbinguni ndani ya sanduku la kura. Kwa hiyo msharika anayeuliza kama ni dhambi kukubali nusu, na ajibiwe kwa amani: atafute lipi litamfaa zaidi jirani yake, hasa yule asiye na sauti, kisha achague.

Lakini mafundisho hayohayo yanatuzuia kuibariki ile nusu. Ikiwa sisi tuliohesabiwa haki bado tu wenye dhambi, itakuwaje chama kisiwe na dhambi? Kinachohitaji toba hapa ni kusahau tulichokiacha tulipochagua.

Katika 1 Samweli 8 watu wanaomba mfalme. Samweli hapendi, lakini Mungu anamwambia awasikilize, na kwanza awatajie gharama: wana wao, mashamba yao, zaka ya mazao yao. Wanaomba hata hivyo, wanapewa. Wachungaji wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Tusonge mbele hadi sura ya 12. Samweli, ambaye ushauri wake ulikataliwa, haendi kukaa kwake Rama kwa hasira. Anawaahidi watu kwamba hataacha kuwaombea na kuwafundisha njia iliyo njema. Alitaja gharama kabla ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi alibaki.

Hitimisho

Kutoka katika historia hii tunawapendekezea wenzetu, na wanafunzi watakaotumwa sharikani, mambo matatu. Kwanza, tusitaje jina la mgombea madhabahuni, maana kufanya hivyo ni kuigeuza nusu kuwa nzima kwa jina la Mungu. Pili, kabla ya kura tuwasaidie watu kuyataja waziwazi wanayoyaacha katika upande wanaouchagua, kama walivyofanya wale wa 1958. Tatu, baada ya kura tuyakumbushe, hata kama walioshinda ni watu wa kwetu. Hapo ndipo walipokosea wale wa 1960, nasi pia baadaye.

Wako wanaosema kwamba pande zote mbili ni zilezile, basi afadhali kukaa nyumbani. Na wafikiri juu ya Oktoba 2025, ambapo Chadema, kilichokuwa chama kikuu cha upinzani, hakikuwapo katika karatasi ya kura, na siku zilizofuata wachungaji walikuwa wakizika. Kuchagua kati ya nusu mbili ni kazi chungu, lakini ni kazi ya watu ambao bado wanaulizwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Yule msharika anayebaki nyuma baada ya ibada, tumwambie apige kura yake na arudi. Jumapili inayofuata tumwulize alichokubali kukiacha, na tumsaidie kukidai.